Pua ya Mnunuzi

Harufu haipigwi picha. Kazi yangu ni kupika udi, na tangu mtoto wa mdogo wangu aanze kuuza udi wangu kwenye simu, jambo hili linanikaa kichwani kuliko hata bei ya sukari. Mteja akija nyumbani nampa mkebe, anaufungua, ananusa, anakunja uso au anatabasamu, kisha ndipo tunapoanza kuzungumza bei. Mteja wa mtandaoni haoni ila picha ya mkebe wenye karatasi ya dhahabu, maneno mawili matatu, na namba ya kutumia pesa. Anatoa fedha yake kwa kitu ambacho pua yake haijakijua. Mimi niliye upande wa pili nina haki gani ya kumsifia?

Wenzangu wengi wa biashara hii hawalihesabu hili kuwa swali la dini. Dini kwao ni mkebe usiwe na kileo ndani yake na zaka itoke mwaka ukitimia. Kusifia bidhaa ni masoko, na masoko yana wataalamu wake. Mimi nilifundisha skuli ya msingi hapa Unguja mpaka nikastaafu, na mwalimu ana ugonjwa mmoja: akiona sentensi ukutani lazima aisahihishe. Matangazo nayasoma hivyo hivyo, kwa kalamu nyekundu.

Mwanangu huyo, mtoto wa mdogo wangu, alihudhuria semina ya biashara za mtandaoni, ya kutwa nzima, chakula cha mchana kikiwemo. Alirudi na daftari limejaa. Posti kila siku. Onesha uso wako, watu hununua kwa mtu, hawanunui kwa mkebe. Usiweke bei, waite inboksi. Waambie mzigo unakwisha. Tafuta wenye wafuasi wengi wakusemee. Mengine niliyakubali papo hapo: picha zipigwe asubuhi karibu na dirisha, si usiku chini ya taa, namba ya simu iwepo kwenye kila tangazo, aliyeuliza ajibiwe siku hiyohiyo, hata kama jibu ni kwamba mzigo haupo. Hayo ni adabu tu, na muuza duka yeyote wa Darajani angekufundisha bure. La uso nililikataa mapema. Sisemi ni haramu, dada zangu wengi wanaonesha nyuso zao kwa heshima zao zote. Ila uso wangu haunukii.

Kwenye yaliyobaki tuligombana, kwa adabu, na mpaka leo hatujamaliza.

Nilianza kwa kumpiga methali. Nikamwambia kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Akanijibu, "Mama mkubwa, bibi si alikuwa akitembeza vitumbua kutoka Kikwajuni? Kwani vilikuwa vibaya?" Nikanyamaza, maana vitumbua vya marehemu mama yangu vilikuwa vikiisha kabla hajavuka Darajani. Nimeizungusha sana methali ile tangu siku hiyo, na nadhani aliyeitunga alikuwa na duka lake la pembeni, mlango umetazama njia mbili. Asiye na mlango atajiuzaje? Mwanamke anayepikia nyumbani, kijana asiyeweza kodi ya fremu Kariakoo, hao simu kwao ndiyo sinia ya kichwani. Kutangaza kwamba kitu kipo, kipo wapi na kinauzwa vipi, sioni ubaya wake. Mtume, rehema na amani zimshukie, kabla ya utume alisafiri hadi Sham na mali ya Bi Khadija, na misafara ya Makka haikuwa ikiuza kwa kunong'ona.

Ila kutangaza ni jambo moja na kusifia ni jingine. Tangazo la kwanza la mwanangu lilisema: "Udi wa kifalme! Fukiza usiku mmoja tu, mume hatoki nyumbani. Zimebaki pisi tano. Bei njoo inboksi." Makatoni yalikuwa chini ya kitanda changu, yamejaa tele. Na kuhusu mume, nawajua wanawake wanaofukiza kila usiku wa Ijumaa, tena kwa udi wangu huu huu, na waume zao wako barazani wanacheza bao mpaka saa sita.

Alicheka, akafuta la mume. Akabakisha la mfalme. Hapo nikamtolea kisa tulichosomewa kwenye darsa yetu ya wanawake.

Imam Ghazali, aliyefariki 1111 kwao Tus, ana kitabu ndani ya kazi yake kubwa, Ihyaa, kinachohusu adabu za kuchuma riziki. Ni cha 13 katika vitabu 40 vya kazi hiyo. Humo anamtaja Yunus bin Ubayd, mfanyabiashara wa hariri wa Basra. Mtu alikuja kutaka kitambaa. Kijana wa dukani akatoa bunda, akalikunjua, akalitazama, na uzuri wake ukamtoa dua: akamuomba Mungu awaruzuku Pepo. Yunus akamwambia alikunje, alirudishe mahali pake, na hakumuuzia yule mtu. Alichelea kwamba dua ile, mbele ya mnunuzi, ilikuwa ni kusifia bidhaa kwa njia ya kuzunguka.

Darsani tulicheka. Mwenzetu mmoja alisema Yunus angefunga duka ndani ya wiki moja hapa mjini. Mimi kisa hiki kimening'ang'ania kwa sababu yule kijana hakusema uongo. Hakusema hata neno moja juu ya kitambaa. Mnunuzi alikuwa pale pale, mkono wake unafika, jicho lake linaona, na bado mtu akaingia katikati ya jicho na kitambaa, akaiweka Pepo hapo. Ghazali anasema pia kwamba hata sifa ya kweli, ikiwa mnunuzi anaiona mwenyewe, ni maneno ya bure. Sifa inafaa pale tu inapomjulisha mnunuzi jambo ambalo asingelijua bila kuambiwa, tena bila kupitiliza.

Sasa mchukue mnunuzi wangu wa simu. Huyo asingelijua lolote bila kuambiwa. Hana mkono, hana pua, hana jirani aliyesimama ubavuni mwake wa kumfinya akidanganywa. Kwa hoja ya Ghazali mwenyewe, maneno ya muuzaji yanahitajika zaidi mtandaoni kuliko sokoni, na kwa sababu hiyo hiyo yana hatari zaidi. Nikafika mahali nikajiwekea kanuni, na mpaka sasa sijaona pa kuivunja: kila ambacho simu inamnyang'anya mnunuzi kinageuka deni shingoni mwa muuzaji.

Mkono ndio wa kwanza. Tumesimuliwa kwamba Mtume alipita sokoni Madina, akakuta lundo la nafaka, akatia mkono wake ndani, na vidole vikakuta maji. Akamuuliza mwenyewe, naye akasema ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu, watu wakaiona, na akamalizia kwa neno zito kwamba mwenye kughushi si miongoni mwetu. Mvua haikuwa kosa la yule mtu. Kosa lake lilikuwa kupanga lundo. Kwenye simu hakuna wa kutia mkono. Lundo linaonekana juu tu, na juu siku zote ni kukavu. Kwa hiyo wa kutia mkono ni mwenye lundo, autie yeye mwenyewe na autoe hadharani umelowa.

Wanafiqhi walikwishaliona hili kabla ya umeme. Sisi watu wa pwani wengi wetu ni Mashafii, na Imam Nawawi, aliyefariki 1277, katika Minhaj ambayo masheikh wetu wameisomesha vizazi na vizazi, anaipa nguvu kauli kwamba kuuza kitu maalumu ambacho mnunuzi hajakiona hakusihi. Mahanafi wamelegeza: nunua, na ukikiona una hiari ya kukikataa. Mwanangu aliposikia kauli ya Mashafii alishika kichwa akidhani biashara imekwisha. Nikamwambia atulie, kuna salam. Watu wa Madina walikuwa wakilipia matunda mwaka mmoja au miwili kabla, na Mtume hakuwakataza. Aliwataka kipimo kijulikane, uzito ujulikane, na muda ujulikane. Fedha inatangulia yote, na kitu kinaelezwa mpaka pasibaki pa kugombania. Mimi si mwanazuoni, mwenye shaka akamuulize sheikh wake, ila naona anayetuma pesa leo na kungoja mkebe uvuke na boti ya kesho anafanya kitu cha jamaa hiyo. Na salam nguzo yake ni maelezo. Ukishaandika "udi wa kifalme" umeeleza nini? Mfalme gani, gramu ngapi?

Tukakaa jikoni kuandika upya. Nilimkataza kushika simu mpaka anuse. Udi wangu unaanza na sukari na marashi kwenye sufuria, moto mdogo, mpaka shira ifike rangi ya asali. Hapo ndipo penye roho ya kazi. Ukiiwahi, udi unabaki unanata na kushika vumbi. Ukichelewa kidogo tu sukari inaungua, na moshi wake utakereketa koo. Kisha vinaingia vipande vya udi na msandali, mwiko unazunguka, moto unazimwa, na mafuta yanatiwa mwisho kabisa, shira ikishapoa kidogo, kwa sababu moto unakula harufu. Halafu mkebeni, gizani, wiki kadhaa.

Kulikuwa na fungu moja lililopitiliza motoni. Halikuungua, linafukizika vizuri, lakini mwenye pua atajua. Na kwenye picha fungu hilo ndilo lililotoka zuri kuliko yote: jeusi, linameremeta. Wapenzi wa udi wanapenda weusi, na wana sababu. Udi wa asili ni mti ulioshikwa na ukungu ukajilinda kwa kutoa utomvu, na kadiri utomvu unavyojaa ndivyo kipande kinavyokuwa cheusi na kizito. Weusi wa udi wa kupika unaweza kuwa wa sukari mtupu. Mwanangu alitaka picha hiyo ndiyo itangulie. "Mimi sijasema uongo," akasema, "nimeweka picha tu."

Nikamkumbusha yule mbuzi. Masokoni Arabuni palikuwa na ujanja huu: mnyama anaachwa bila kukamuliwa siku kadhaa kabla ya kuuzwa, kiwele kinajaa, mnunuzi anadhani amepata mnyama wa maziwa. Muuzaji hajafungua mdomo. Kiwele ni cha mbuzi, maziwa ni maziwa kweli, na jicho la mnunuzi limejidanganya lenyewe. Mtume alikataza, na akampa mnunuzi hiari: akishakamua, akiridhika abaki naye, asiporidhika amrudishe pamoja na pishi ya tende badala ya maziwa. Sijaona hukumu inayoihusu kamera ya simu kuliko hii. Picha ya fungu lile ilikuwa kiwele cha siku tatu.

Maandishi yaliyotoka jikoni siku hiyo ni haya: "Udi wa kupika, gramu hamsini. Msandali ni mwingi kuliko udi. Ukiuweka juu ya kaa, mwanzo utasikia sukari, kisha waridi, mwisho miski, nayo inabaki kwenye nguo mpaka kesho yake. Moshi wake ni mwingi, mwenye pumu asiutumie. Mkebe mwekundu umepita motoni kidogo na moshi wake ni mkali, ndiyo maana bei yake ni ndogo." Chini yake bei zote mbili. Hiyo sentensi ya msandali ilimuuma mwanangu kuliko zote. "Hakuna anayesema hivyo, mama mkubwa. Hakuna." Nikamwambia Ibn Sirin aliuza kondoo, akamwambia mnunuzi kabisa kwamba ana aibu moja: majani yake huyapindua kwa mguu. Mwanangu akasema Ibn Sirin hakuwa anashindana na mtu mwenye wafuasi laki mbili.

Na alikuwa na hoja, kwa sababu maagizo yalipungua. Simfichi msomaji.

Hapa marafiki huniliwaza kwa kuniambia subiri, ukweli unalipa, ukweli ndio masoko bora. Na daftari la semina lina ukurasa mzima wa jambo hilo: kuwa halisi, onesha hata upungufu wako, wateja wa siku hizi wanapenda. Ukurasa huo unanitisha kuliko ule wa "zimebaki pisi tano". Anayedanganya kuhusu pisi anajua anadanganya. Lakini nikitaja aibu ya udi wangu kwa kuwa kutaja aibu kunauza, basi aibu nimeigeuza karatasi ya dhahabu, na mbele ya Mungu sina tofauti na yule kijana wa Basra na dua yake, ila tu mimi nimefanya makusudi. Ukweli uliowekwa kwenye tangazo kwa ajili ya tangazo umeshatumwa kazi nyingine.

Tumefundishwa kwamba muuzaji na mnunuzi wakisema kweli na wakabainishana, biashara yao inabarikiwa, na wakifichana na kudanganyana baraka inafutwa. Watu wanaisoma baraka hapo kana kwamba ni jina la heshima la faida. Mwenye kupimia baraka kwa daftari la mauzo atalazimika kukiri kwamba waongo wengi wamebarikiwa. Ninayemjua mimi ana maduka matatu. Naona afadhali kuacha ahadi hiyo ilivyo, isiyo na tarakimu, na kutafuta kipimo kingine cha nia yangu. Kipimo ninachokitumia ni kigumu lakini hakina ujanja: je, aibu hii ningeitaja kama ningejua inamfukuza mteja?

Kilinijia mapema. Mama mmoja wa kwetu, anayekaa Muscat, aliagiza mikebe ya kutosha kugawa kwa jamaa na kubakiza ya nyumbani, kwa sherehe ya mjukuu wake, kisha mwisho wa ujumbe akauliza kama udi huu unafaa kufukiza chumba cha mtoto mchanga. Mwanangu aliniletea simu bila kusema kitu. Nikamwambia andika: moshi wake si wa mtoto mchanga, dada, kama utataka nguo zake zinukie, zifukize siku moja kabla, dirisha wazi, na mtoto awe chumba kingine. Ujumbe ukaenda. Baada ya muda likaja jibu la shukrani, na agizo limeshuka mpaka mkebe mmoja. Hiyo ndiyo aibu ambayo haikuwa pambo.

La bei halikuhitaji mabishano marefu. "Bei njoo inboksi" ina sababu mbili ambazo wauzaji wenyewe watakuambia: washindani wasione, na mteja apimwe kwanza. Picha yake ya simu ina gari nyuma yake, bei inapanda. Mtume alikataza watu kuwaendea wenye misafara nje ya mji kabla hawajafika sokoni wakajua bei. Pale aliyekuwa gizani ni muuzaji na hapa ni mnunuzi, lakini giza ni lile lile: mmoja amelijua soko, mwenziwe hajalijua, na aliyejua anafanya haraka. Kupatana sikukatazi. Nami nikinunua samaki natoa roho ya mchuuzi. Lakini hapo sote wawili tumesimama sokoni, na bei ya jirani tunaisikia.

Kisha mashahidi. Semina ilishauri kwamba mwanzoni, wateja wakiwa hawajapatikana, ndugu na marafiki waombwe waandike maoni mazuri. Binamu zake walioko Dar, ambao udi wangu hawajawahi hata kuusikia ukipita dirishani, wakaandika "Maa shaa Allah, udi wako ni moto!" Nikawaomba wafute. Sharia ina jina la kazi hiyo, najash: mtu asiye na haja ya kununua anapandisha bei mnadani ili aliye na haja avutike. Imekatazwa tangu zama za Mtume. Marekani, ambako biashara hizi za maoni zililelewa, mamlaka yao ya biashara ilitoa kanuni dhidi ya maoni ya uongo na wafuasi wa kununua mwaka 2024. Wamechelewa, lakini karibuni.

Wale wanaolipwa wakusifie nao ni ukoo mmoja, hasa anayeanza na "Wallahi". Kiapo kinauza bidhaa na kufuta baraka, tumeonywa wazi. Sisemi kila anayelipwa anadanganya. Dalali naye analipwa, lakini kila mtu sokoni anajua kwamba yule ni dalali. Chawa wa mtandaoni anavaa kanzu ya mteja. Sisi tunaweka maneno ya walionunua kweli, kwa ruhusa yao, bila zawadi. Yule aliyesema mkebe mwekundu unanukia halua iliyoungua naye tulimweka, na kwa haki ya Mungu maneno yake ni sahihi kuliko yangu.

Kuna kitu kingine ambacho simu inamnyang'anya mnunuzi, nacho si pua wala bei. Ni saa yake. Mwisho wa Sura ya Jumaa kuna lawama kwa watu waliouona msafara wa biashara wakatawanyika kuukimbilia, wakamwacha Mtume amesimama. Wafasiri wanaeleza kwamba ulikuwa wakati wa njaa na uhaba Madina, na kwamba msafara ulipoingia ngoma ilipigwa kuutangaza. Imepokewa kwamba walibaki msikitini watu 12 tu. Lawama iliwashukia waliokimbia. Lakini mimi siku hizi, nikiusoma mstari huo, namfikiria mpiga ngoma. Alikuwa na chakula, mji una njaa, ngoma ndiyo desturi. Hakuvunja kitu. Na bado kwa mlio wake safu zilivunjika.

Daftari linasema tangazo liwekwe saa ambayo watu wengi wameshika simu, na wataalamu wana njia za kuijua saa hiyo. Hakuna ukurasa unaouliza saa hiyo ni ya nani. Tulikubaliana tusiposti wakati wa sala, na Ijumaa tusiguse kitu mpaka watu watoke msikitini. Mwanangu, ambaye akili yake ni kali kuliko yangu, akauliza, "Msikiti upi? Muscat wametutangulia saa nzima. Na wa London je?" Nikamjibu tushike adhana ya hapa tunapoisikia. Si jibu la kitabuni, na ninajua lina tundu.

Kinachonitia wasiwasi ni jinsi wenzetu wanavyozungumza kuhusu mtandao wenyewe. Kwenye kundi letu la akina mama wajasiriamali, posti isipoonwa na watu husikii mtu akisema leo riziki haikuandikwa. Husema "Instagram imenibania". Husema usiifute posti, itakasirika; usikae siku mbili bila kuposti, itakusahau. Nimesikia wanawake wanaoswali sala tano wakiizungumzia mashine kwa woga na matarajio ambayo mimi nilifundishwa kuyaelekeza kwa mmoja tu. Najua ni lugha ya mzaha. Lugha ya mzaha ikisemwa kutwa kucha, sijui inabaki mzaha wapi.

La mwisho ni la kurudisha, na hili nililisimamia mwenyewe. Kwa kuwa pua imechelewa kufika, ipewe nafasi ikifika. Yule sahaba aliyekuwa akipunjwa kila akinunua, Habban bin Munqidh, alipewa hiari ya siku tatu. Nasi tukaandika: mzigo ukifika, choma kipande kimoja, usipoupenda, rudisha uliobaki ndani ya siku tatu, pesa yako utapata yote na nauli ya kurudisha ni juu yetu. Mwanangu alisema watu watafukiza harusi nzima halafu warudishe. Nikasema sidhani.

Alirudisha mtu mmoja tu, wa Dar es Salaam. Mkebe ulikuja na boti, umefungwa vizuri, na ndani yake mlikuwa na vumbi la udi na kipande kimoja cha ukubwa wa ukucha. Tukapeleka fedha yake yote siku hiyohiyo, kama tulivyoandika. Hata ile pishi ya tende hatukuiona. Hajaagiza tena. Lakini status zetu anazitazama kila siku, na kila jina lake likitokea mwanangu huniletea simu nilione.